Nyama ya Kumpokelea Afonie

Ghuba ya Tikhon, Kisiwa cha Kodiak
11 Juni 1996

Kwako shemeji Afonie,

Kristo yu kati yetu. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umelala. Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto limeamua kuzeeka peke yake bila kunishauri. Paa la kanisa limezibwa upande wa kaskazini. Upande wa kusini tunamwomba Mungu atuvumilie. Stepan jirani kapata mashua, anasema ni mpya. Nimeiona inavyoingiza maji, upya huo una wajukuu. Binti yangu Zoya kaandika kutoka Seattle, kajifungua mtoto wa pili, nywele nyekundu kama samoni wa Julai, hatujui kazitoa kwa nani na hatuulizi.

Wiki iliyopita tulimfanyia Gavril sala ya mwaka wa tatu. Niliwasha mshumaa mmoja kwa niaba yangu kama mkewe na mwingine kwa niaba yako kama kaka yake. Wako ulizimika mara mbili, nikauwasha tena. Sitaki uone maana hapo, mlango ulikuwa wazi.

Sasa jambo lenyewe. Ulichoniambia kwa simu siku ya Pasaka nilikisikia, ingawa nilijifanya laini imekatika. Simu ya ofisi ya kijiji unaijua, ukikohoa huku mwambao wote unakuombea. Ndiyo maana nakuandikia. Ulisema umechoka na mashine ya kusafisha damu. Ulisema unataka kurudi nyumbani, na kwamba hospitali haitakuachia mpaka kuwe na jina la mtu atakayekupokea, na jina hilo unataka liwe langu. Unajua kama nijuavyo mimi kwamba huku mashine hiyo haipo. Sentensi inayofuata hapo sitaki kuiandika.

Basi nakujibu hivi. Tangu Gavril aende, nakula samaki wa Stepan na kulungu wa Stepan, na maneno ya Stepan juu yake kama chumvi. Siwezi kumpokea mkubwa wa nyumba hii kwa sahani ya kuomba. Siku nitakayoweka mezani samaki niliyemvua mwenyewe na kulungu niliyemwangusha mwenyewe, siku hiyo nitaandika jina langu kwenye karatasi yao. Kabla ya hapo, hapana.

Nifundishe basi. Na kulungu nataka wa upinde, kama wewe, si wa bunduki. Usicheke.

Mimi shemeji yako, bado na miguu miwili,
Matrona


Anchorage
29 Juni 1996

Kwako shemeji Matrona,

Yupo, na atakuwepo. Barua yako ilifika ikinuka moshi wa kuni za alda. Niliinusa kwanza kabla ya kuisoma, na mwuguzi Lorna akaniuliza kama imetoka kwa mchumba. Nikamwambia ni ya mke wa marehemu mdogo wangu. Akasema, "Mzee, hizo ndizo hatari zaidi." Ni Mfilipino, anasali rozari yake huku akinichoma sindano, na hakosei mshipa wala fumbo la rozari.

Mimi sijambo kadiri wanavyoniruhusu. Nakunywa maji kwa kikombe kidogo kama cha mwanasesere. Mtu aliyekunywa mito, leo anapimiwa. Mpongeze Zoya. Mwambie nywele nyekundu ni za bibi yetu mzaa baba, alikuwa mkali lakini hakuwahi kuibiwa kitu.

Nilicheka, nisamehe. Kisha sikucheka. Umeniwekea sharti, na mimi si mtu wa kukimbia sharti. Nitakufundisha upesi kuliko unavyotaka. Tuanze na samaki.

Wale wekundu wa mwezi huu waache, wanahitaji nyavu na mikono ya vijana. Wewe ngojea samoni wa fedha, wanaingia mwishoni mwa Julai na kuzidi Agosti. Nenda mlangoni mwa mto maji ya bahari yanapoanza kujaa, kwa sababu samaki hupanda na maji kama watu wanavyoingia kanisani wakati wa kengele ya pili, wote kwa pamoja na wote wakijifanya hawakuchelewa. Usiingie majini. Watu wa mjini wanavaa mabuti marefu, wanakwenda kusimama katikati ya mto, na samaki wanapita nyuma yao karibu na ukingo, kwenye maji ya magotini. Simama kwenye majani, chini ya lile jiwe kubwa lenye chokaa ya ndege.

Chambo ni mayai ya samoni, uyatie chumvi na sukari kidogo, uyaache usiku mmoja yakaze. Tupa juu kidogo ya mkondo, acha risasi ya mshipi ishuke mpaka uisikie inagonga mawe ya chini, tok, tok, tok, kama mtu anayehesabu kwa kidole. Tok zikikoma, si jiwe. Hapo usirushe mkono kama unayefukuza nyuki. Inua tu. Kumbuka samoni akishaingia mtoni hali tena, tumbo lake limefunga. Anauma kwa hasira tu, kwa hiyo hakuna haja ya kumbembeleza, mpitishie chambo puani mpaka akuchukie. Akikimbia, mwache akimbie. Mshipi ukiwa umekaza na mikono yako imetulia, atachoka kabla yako.

Ukimtoa, mkate matamvua papo hapo damu itoke, umfunike majani mabichi. Maji ya chumvi ya kulowekea: weka kiazi kibichi ndani, uongeze chumvi mpaka kiazi kielee. Moto wa banda la moshi uwe wa kukasirisha macho, si wa kuota. Ukisikia harufu ya chakula, umeshampika, umeharibu.

Samoni anarudi kwao kumalizia siku zake, shemeji, na hakuna daktari anayemsimamisha mlangoni kumwuliza jina la atakayempokea.

Ninayekusalimu kutoka ghorofa ya tatu, dirisha linatazama maegesho ya magari,
Afonie


Ghuba ya Tikhon
2 Agosti 1996

Shemeji Afonie,

Amani kwako. Ndege ya barua haikutua wiki mbili kwa ukungu, ndiyo maana umengoja. Huku matunda ya porini yameiva na dubu jike mwenye watoto wawili anayachuma upande ule ule ninaochuma mimi. Tunaachiana nafasi kwa heshima. Mama Paraskeva kaanguka ngazini lakini hakuvunjika, anasema malaika wake alitangulia chini.

Wewe si samaki. Nimeanza na hilo ili tulimalize.

Nilikwenda pale jiwe la ndege. Siku ya kwanza nilivua koti langu mwenyewe, ndoano ilinasa mgongoni, nikazunguka kama mbwa anayetafuta mkia. Stepan akapita na mashua yake inayovuja.

"Matrona, unavua au unauchapa mto?"

"Nauchapa. Nikimaliza nakuja kwako."

"Njoo na chumvi, mimi ni mgumu kuiva!"

Siku ya pili nilizisikia zile tok. Afonie, umeandika kweli, ni kama mtu anahesabu. Zikakoma, nikarusha mkono kama ninayefukuza nyuki, nikavuta ndoano tupu. Nilirudi nyumbani nikachemsha wali nikaula na sukari kama mtoto aliyeadhibiwa.

Siku ya tatu sikurusha. Niliinua. Mto wote ukaja juu ya mkono wangu. Alikimbia kuelekea baharini, nami nikamwambia nenda, nenda baba, uzi upo, na sijui nilisimama pale muda gani nikilia bila sababu. Alipochoka nilichoka. Wa fedha, mzito, ana chawa wa bahari bado mkiani, maana yake alitoka chumvini asubuhi ile ile. Tangu hapo nimepata wengine. Kiazi kilielea. Banda lina moshi, macho yamekasirika, nanuka kama Gavril.

Kwa hiyo samaki wapo. Kulungu bado. Upinde wako uliotundikwa darini nimeujaribu na hauvutiki, nimeufikisha puani tu nikaona nyota.

Niambie ukweli, je, unakula? Zoya anasema watu wa mashine hawaruhusiwi samaki wa chumvi. Kama ni hivyo, huyu nimemkaushia nani?

Matrona


Anchorage
20 Agosti 1996, siku moja baada ya sikukuu ya Kugeuka Sura

Kwako shemeji Matrona,

Salamu. Jana Lorna alinipeleka kanisani kwa gari lake, tukabarikiwa matunda, kila mtu na kapu lake la tufaha na mimi na tufaha moja mfukoni. Padre wa hapa ni kijana lakini ana masikio. Baada ya ibada nilimwuliza kama kuiacha mashine ni kujiua. Alizima mishumaa yote kwanza. Kisha akasema mashine ni zawadi, si amri, na zawadi mtu anaweza kuirudisha kwa shukrani. Nakueleza ili usijisumbue kumwandikia askofu, najua ulishafikiria.

Samaki wa chumvi hapana, siruhusiwi. Huyo umenikaushia mimi, na nitamla. Hiyo ndiyo maana ya kurudi nyumbani.

Ulivyosema "nenda baba, uzi upo" niliisoma mara nyingi. Sina la kukufundisha tena mtoni.

Upinde ule mzito uache, hata Gavril aliogopa. Juu ya boriti ya banda la moshi kuna mwepesi, umefungwa kwenye gunia la unga. Ni wa kwanza wangu. Paka nta kwenye uzi wake. Jaza gunia nyasi, piga mishale humo kila siku kabla ya chai, ukiwa umevaa koti la mvua hasa, si gauni la nyumbani, kwa sababu kulungu hatakusubiri uvue koti. Piga umepiga magoti pia. Goti lako litanilaumu, niko tayari.

Kwa nini upinde ni bora, unajua, lakini nitasema tena: bunduki kisiwani kwetu ni kengele ya chakula ya dubu. Wanausikia mlio, wanajua kuna kulungu chini, wanakuja. Mtu aliye peke yake hana haja ya wageni wa namna hiyo. Mshale haumwiti mtu.

Upepo uwe usoni kwako. Chukua manyoya ya lile ua jeupe la bondeni, uachie moja, utaona linakokwenda. Usifuate kulungu, kaa pale anapopita, kwenye ile njia inayoshuka kutoka vichaka vya alda kwenda kwenye chemchemi. Umbali: usipige zaidi ya kutoka mlango wa kanisa letu mpaka ukuta wa picha takatifu. Kama ni mbali kuliko hapo, mwache apite, msalimie. Usimtazame macho wala pembe, atakuhisi. Chagua unywele mmoja nyuma ya mguu wa mbele, chini kidogo, ungoje mpaka mguu huo utangulie hatua. Hapo uzi uondoke wenyewe vidoleni.

Na sasa jambo ambalo wengi hukosea. Ukishapiga, keti. Usimkimbilie. Ukimfukuza ataondoka na uhai wake akafie mbali kwa mateso, na hilo ni dhambi. Asipofukuzwa hulala karibu na kuzimika taratibu. Keti kwa muda wa sala za jioni, kisha nenda ukaangalie damu. Ikiwa ya waridi yenye mapovu, yuko karibu. Ikiwa nyeusi, rudi ukakae tena. Mchune haraka, utumbo uuache hapo hapo, uondoke kabla wenye mlima hawajaamka.

Sikuandika mapema kwa sababu ya ukungu.

Afonie


Ghuba ya Tikhon
27 Septemba 1996

Shemeji Afonie,

Kristo yu kati yetu. Ukungu gani wa Anchorage unaomzuia mtu kushika kalamu? Nilimpigia Lorna. Alisema ulizidiwa, mshipa wa mkono ulijifunga. Yeye hakutaka kuniambia, ila hajui kunyamaza vizuri. Nyumba hii haina watu wengi wa kudanganyana, Afonie. Tubaki na ukweli.

Habari za huku: mvua. Upande wa kusini wa paa umeshindwa kungoja, sasa tunasali na ndoo. Shule imefunguliwa na watoto kumi na mmoja. Stepan anakusalimu, anasema ukirudi atakuchukua na mashua, nikamwambia mgonjwa hawezi kuogelea.

Nimepiga kulungu.

Ilikuwa asubuhi, kwenye njia ile ya chemchemi. Nilikaa chini ya alda mpaka mvua ikanisahau. Alikuja dume, pembe fupi, akila njiani kama mtu asiye na haraka. Mlango wa kanisa mpaka picha takatifu, nilipima kwa macho mara tatu. Mguu ukatangulia. Uzi ukaondoka wenyewe, sikuuachia mimi, sawasawa na ulivyosema. Aliruka mara moja, akaingia vichakani, kukawa kimya.

Nikaketi. Nikavua kofia nikaanza sala za jioni. Nikasali zile za mwanzo, nikasali kanuni ya toba, nikasali kanuni ya malaika mlinzi, nikawaombea walio hai, kila nyumba ya ghuba hii, na Lorna wako, na yule padre kijana. Nikawaombea marehemu, Gavril, baba yenu, mama yenu, wangu wote, nikafika mpaka wale waliokufa kwa homa kuu ambao majina yao tunayajua kwa kurithi tu. Nikamalizia na zile za kulala. Ndipo nikainuka.

Mshale niliukuta. Damu ilikuwa ya waridi na mapovu yalishakauka. Nikaifuata hatua chache tu, alikuwa ameanguka karibu, palipolaliwa majani palikuwa bado na umbo lake. Lakini yeye hakuwepo. Palikuwa na njia ya kitu kizito kilichoburutwa, na mwisho wake rundo la majani na udongo, mguu mmoja wa kulungu ukichungulia. Na harufu ile ya dubu.

Nilisema, "Samahani, baba. Ni chako. Karibu." Nikarudi kinyumenyume mpaka mtoni.

Kwa hiyo meza haina kulungu. Jina sitaliandika. Nilifanya kila ulichoniambia, Afonie, neno kwa neno.

Matrona


Anchorage
30 Oktoba 1996

Kwako shemeji Matrona,

Yupo, na atakuwepo. Anayeandika ni Lorna, mkono wangu umevimba kama mkate. Maneno ni yangu, makosa ni yake. (Makosa ni yake pia, mama. Lorna.)

Nimecheka mpaka mashine ikapiga kelele, wakaja wawili mbio. Nilipowaeleza hawakuona kichekesho. Ni sisi tu.

Shemeji, mimi nikisema sala za jioni, ni Baba Yetu, salamu kwa Mama wa Mungu, ishara ya msalaba, na buti la pili limeshavuliwa. Kijiji kizima kinajua. Baba alinichapa kwa ajili hiyo. Na wewe uliolewa nyumba hii ukiwa msichana, ukanisikia kupitia ukuta wa mbao miaka yote ile.

Halafu kuna hili. Gavril alinieleza kuwa ulikuwa unaweka viazi jikoni, unasimama kusali, na viazi vinaiva bila kuungua hata kimoja. Kwa hiyo wewe kufupisha unajua. Ukiwa na haja ya viazi.

Sikulaumu. Nimelala hapa nikakutazama kama nilivyokuwa natazama mto, na nimeona ulichokiona wewe siku ile ulipoketi chini ya alda. Kwamba ukiinuka utamkuta amelala, na ukimkuta, utakuwa umebakiwa na kuandika jina. Mtu yeyote angeanza kuwaombea waliokufa kwa homa kuu.

Mimi nimechoka, Matrona. Si uchovu wa kulala nikaamka. Wananiosha damu, narudi kitandani, siku ya katikati ndiyo yangu, na siku hiyo naitumia kuogopa inayofuata. Simwogopi Mungu kama ninavyoogopa kumalizikia hapa, nikitazama magari ya watu yakiegeshwa. Sikuombi uniue. Sikuombi hata uniuguze sana, nitakuwa mwepesi. Nakuomba uwe na mlango.

Kulungu wa Novemba huteremka ufukweni kula mwani theluji ikifunika mlima. Huko hakuna vichaka, utamwona anapoanguka. Usiketi muda mrefu. Sali fupi.

Afonie
(Anakula kidogo sana. Nimeandika hili bila yeye kuona. Lorna.)


Ghuba ya Tikhon
19 Novemba 1996

Shemeji Afonie, na Lorna anayekusomea,

Amani. Barua yenu ilinikasirisha. Niliitia ndani ya kitabu cha zaburi nikakaa nayo siku kadhaa bila kukujibu. Nilisafisha nyumba yote. Nilisugua hata chini ya jiko. Viazi ni viazi, Afonie, havifi mara ya pili mtu akiondoka jikoni.

Gavril alikwenda asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu. Sikupata kumpa hata chai. Halafu wewe unataka nikuandalie kitanda, nikuangalie ukienda polepole, nikijua. Hicho ndicho nilichokuwa naomba dhidi yake pale chini ya alda, kama unataka kujua. Sasa unajua, na tusikirudie.

Theluji ilianguka mapema wiki hii. Nilitoka asubuhi kwenda ufukweni, upepo wa bahari usoni. Walikuwa watatu wanakula mwani kama ng'ombe wa watu. Nililala nyuma ya gogo lililoletwa na maji mpaka jike mmoja mkubwa asiye na mtoto akasogea. Mguu ukatangulia.

Alitembea kidogo, akalala juu ya mawe. Nilisema "Bwana hurumia" mara moja. Moja tu. Nikaenda. Nilimfumba macho kwa mkono wangu kisha nikafanya kazi, na vidole vilikuwa vya baridi mpaka nilipovitia ndani yake. Nilimleta nyumbani vipande vipande mgongoni. Goti limesema lote lililokuwa nalo.

Nilikuwa namtundika bandani, Stepan akaja. Alivua kofia.

"Wa kwanza wako huyo, Matrona."

"Najua."

"Wa kwanza haliwi na aliyemwua. Hugawiwa wote, mpaka ulimi."

"Stepan, nimezaliwa hapa kabla yako!"

"Nakukumbusha tu. Maana nimesikia una karamu ya kumpokea mtu, na nyama ya karamu ndiyo hii, na hii si yako."

Nikasimama pale na kisu. Afonie, sitakudanganya, moyo uliruka kwa furaha. Nilipata sababu nzuri kuliko zote, sababu ya wazee wetu wenyewe, hata wewe usingeweza kunijibu. Kulungu nimepata na sina kulungu. Ningekuandikia: ngoja nipate wa pili. Theluji ingezidi, ndege zingeacha kutua, ingefika Krismasi, ingefika masika.

Nikamgawa. Mama Paraskeva paja, mwalimu mkuu bega, mjane wa Nikifor mbavu, nyumba ya padre kiuno, na Stepan nilimpa kichwa, atafute cha kusema nacho. Nilirudi na beseni tupu, nikaliosha, nikanawa mikono, nikakaa mezani nikaandika jina langu kwenye karatasi yao. Lote, kwa herufi kubwa, wasije wakasema halisomeki. Liko humu ndani ya bahasha.

Nyama sina. Utakula samaki, na kulungu wa Stepan, na maneno ya Stepan. Sharti lile nililiweka mimi na nimeliondoa mimi.

Rubani anasema atatua Jumamosi ya wiki ijayo mawingu yakiruhusu. Lorna, mvalishe soksi mbili, ndani ya ndege hiyo kuna upepo kuliko nje. Vidonge vya maumivu vifungwe pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa maneno ya kawaida, si ya daktari. Padre atakuja siku ya pili. Banya ya kuogea mvuke nitaiwasha asubuhi, moto mdogo, ukitaka kuketi tu mlangoni mwake inatosha.

Kuna vyumba viwili. Kile cha Zoya kina dirisha la mto, unaona mpaka jiwe la ndege. Kingine ni kile kidogo kando ya jiko, hakina dirisha, na utatusikia kila tunapogonga sufuria. Nijibu kwa ndege hii hii nijue pa kutandika.

Matrona


Anchorage
25 Novemba 1996

Kwako Matrona,

Naandika mwenyewe, polepole. Karatasi imefika, wameipokea. Lorna alilia, kisha akanigombeza kwa ajili ya soksi.

Tandika kando ya jiko. Mto naujua.

Afonie